Aliyefunika Mwisho

Uthiru,
2 Machi

Mwanangu Kitavi,

Nakutumia salamu nyingi kama nguo za Jumatatu. Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Unakula chakula cha moto ama ni ile mikate tu? Sisi huku tuko. Mvua bado haijaingia, maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, na magoti yangu ni yale yale, hayajaokoka.

Usishtuke kuona karatasi. Najua tumezoea ile simu ya Krismasi. Lakini kuna maneno simu inayameza, na mimi nikiongea na wewe kwa simu nalia, halafu pesa inaisha nikilia. Nimeandika kwa kitabu, na Jacklyne, yule msichana wa saiba hapa steji, atapiga picha akutumie kwa simu. Wewe pia andika kwa mkono, umtumie picha, atanitolea kwa karatasi.

Kitavi, baba yako alianguka mwezi wa kwanza. Sikukuambia. Alikuwa ameinama kufunga kiatu, na akaendelea tu kuinama. Upande wa kulia umelala wote, na mdomo umevutwa. Maneno yanatoka, lakini moja moja, kama mtu anachota maji kwa kijiko. Kila Alhamisi nampeleka kliniki Hurlingham, kuna dada mmoja anamfanyisha mazoezi. Alimpa mpira laini akamwambia, "Mzee Ngui, finya." Baba yako akautazama, akaniambia nimwambie huyo dada kwamba huo si mpira.

Sasa hii ndiyo imenifanya niandike. Wiki jana redio ilisema Uingereza na Australia watacheza Test, ile kriketi ya siku tano, mwezi wa sita, mechi tano, na ya kwanza ni hapo kwa mji wako. Nikasema, bila kufikiria, "Si hapo ndipo Kitavi anafanya kazi? Hiyo pichi si ni yeye ataitengeneza?" Baba yako akageuza uso kwa ukuta. Nikajua nimeharibu. Nikaenda kuosha vyombo. Nikirudi, bado anaangalia ukuta, akasema, "Udongo wa huko ni rangi gani?"

Miaka tisa, Kitavi. Miaka tisa hajataja hata kiatu chako.

Niandikie udongo ni rangi gani. Na hizo timu mbili ziko namna gani, nani ana nguvu. Usiseme yeye ndiye aliuliza.

Mimi mama yako,
Mukonyo


11 Machi

Mama mpendwa,

Nimepokea barua yako nikiwa kazini, nikaisomea ndani ya banda la mashine ili wenzangu wasinione. Kwa nini hukuniambia mwezi wa kwanza? Mimi ni mgeni? Kifua changu ni kizima. Nakula vizuri, Mama, nimenenepa.

Udongo wa hapa ni wa kahawia, mzito, unashika. Ukiuloanisha na kuufinya unang'aa kama chokoleti. Sio mweusi kama ule wetu wa klabu ya Loresho alikotunza Baba pichi, lakini tabia yake inakaribia. Ukikauka unapasuka mistari mirefu, sio vipande.

Kuhusu timu, hawa watu wawili hawapendani, na wanafurahia kutopendana. Wanagombania kikombe kidogo kuliko kikombe cha chai, na inasemekana ndani yake kuna majivu. Zaidi ya miaka mia moja. Uingereza wanapiga haraka haraka kama watu wamechelewa kanisani. Wakipata asubuhi nzuri hawashikiki, wakipata mbaya wote wamekwisha kabla ya chakula cha mchana. Australia wana warushaji watatu warefu, na mmoja wa mpira wa polepole unaojizungusha. Huyo wa polepole ndiye anatisha watu hapa, kwa sababu siku ya nne na ya tano pichi, ule ukanda wa kudundisha mpira, ikipasuka, mpira wake unafanya unavyotaka. Magazeti yote yanatuuliza sisi watunzaji: mtatengeneza pichi ya nani?

Mimi ni wa tatu kati ya watano. Nasukuma rola, nakata nyasi, nanyamaza.

Mama, umesema nisiseme yeye aliuliza. Sawa. Lakini mimi sijasahau ile Jumamosi. Alinipiga kofi mbele ya wanachama wote wa klabu, mbele ya wapishi, mbele yako, eti niliiacha pichi yake ilowe. Alisema siwezi kuaminiwa hata na zizi la mbuzi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Na mpaka leo nasema vile nilisema siku hiyo: mimi nilifunika ile pichi. Nilivuta turubai zote mbili za kuzuia mvua, nikaweka mawe kumi na mawili, nikayahesabu. Msomee hapo pia.

Mwanao,
Kitavi


Uthiru,
20 Machi

Kitavi wangu,

Salamu za hapa nyumbani, na za mama Rael wa jirani, anauliza kama umeoa. Nimemwambia umeoa nyasi. Mvua imeanza. Nyumba inavuja mahali pamoja tu, mlangoni, kwa hivyo tunaruka.

Barua yako nimemsomea. Nasoma polepole, si unajua mimi niliachia darasa la tatu, lakini yeye hana haraka siku hizi. Ukimwona! Alifunga macho pale pa udongo. Nikadhani amelala. Akasema, "Rudia." Nimerudia pa udongo mara nne. Halafu ameitaka karatasi yenyewe, ameiweka chini ya mto.

Mimi nikasema hao Wazungu wana wazimu, watu wazima kugombania majivu. Akasema, "Si majivu. Wanagombania nani alichoma." Akacheka na ule upande mmoja.

Anasema hivi, nimeandika vile ametoa. Huo udongo usiamini siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila pichi ni bibi arusi. Anasema mechi ya siku tano ni kama ndoa, siku ya tatu ndipo unajua umeoa nani. Nahodha akishinda ile sarafu ya kurushwa apige kwanza, asijifanye mjanja, kwa sababu atakayepiga mwisho atapiga juu ya nyufa. Na wewe asubuhi ubonyeze na kidole gumba kabla ya kula chochote, kidole cha mtu ameshiba hakisikii. Jana amebonyeza ugali wangu na cha kushoto, akasema, "Huu bado una maji. Utasumbua."

Basi tunacheka kidogo. Nilikuwa nimesahau nyumba ikicheka.

Lile neno la turubai sikusoma. Niliruka. Usinikasirikie. Moyo wake daktari amesema tusiuguse.

Andika tena.

Mama yako


6 Aprili

Mama,

Natumai goti linakubali na hiyo mvua. Hapa ndiyo majira yanageuka, jua linatoka kama mtu anayedaiwa, linachungulia tu. Msalimie mama Rael, mwambie nyasi ni mke mzuri, hajibizani.

Kuna jambo. Mkubwa wetu aliniita wiki jana. Mtu wa turubai, aliyekuwa na kazi hiyo miaka kumi na minne, amestaafu. Ameniambia, "Kitavi, mwezi wa sita kufunika ni wewe." Mama, hapa mwezi wa sita mvua haina adabu. Inakuja katikati ya mchezo, watu elfu ishirini wanatazama, na nchi mbili nzima zinasubiri kuona nani ataharibu. Itakayoshindwa itasema pichi iliingia maji. Ni watu tisa watakaovuta, lakini anayepiga filimbi na anayekagua mwisho ni mimi.

Unakumbuka sheria ya Baba: aliyefunika mwisho ndiye mwenye pichi. Kikiharibika kitu, hakuna kuuliza wengine. Hiyo sheria ndiyo ilinifukuza nyumbani, na sasa ndiyo kazi yangu.

Nilimwambia mkubwa nitafikiria. Ameniambia nijibu kabla ya mwisho wa Mei. Nimekaa na hiyo kitu wiki nzima. Nikishika turubai naliweka chini tena, si uongo. Nafika hadi najiuliza, labda ni kweli sikufunika. Labda mawe yalikuwa kumi na moja. Mtu akiambiwa kitu na baba yake mbele ya watu, baada ya miaka anaanza kukikumbuka hivyo.

Muulize Baba swali moja tu, na usiruke. Muulize kama anaamini naweza kufunika. Akisema hapana nitakataa kazi. Akinyamaza pia nitakataa.

Kitavi


Uthiru,
12 Aprili

Mwanangu Kitavi,

Salamu. Leo sikuulizi hali, na ya kwetu sitasema. Hii barua nimemwambia Jacklyne apige picha bila kusoma. Ameapa kwa Biblia ya mamake. Lakini ni msichana, basi iwe tu.

Sijamuuliza baba yako. Siwezi kumuuliza hilo swali kabla sijakuambia wewe neno langu.

Wewe ulifunika. Mawe yalikuwa kumi na mawili. Niliyatoa mimi.

Ile Ijumaa, siku moja kabla ya mechi, nilikuwa na nguo za timu zote mbili kwa kamba nyuma ya jengo la klabu. Suruali ishirini na mbili, mashati ishirini na mbili, zote nyeupe, nimezitia buluu, nimekamilisha tangu asubuhi. Wewe ulikuwa umeenda Kangemi kununua mafuta ya mashine. Baba yako alikuwa kwa mkutano wa wanachama. Nikaona wingu limesimama juu ya Loresho, jeusi, na vumbi limeanza kuruka. Kuanua nguo zote singewahi. Na zikilowa na hilo vumbi, kesho wangecheza na nini? Dobi mwenzangu alifukuzwa kwa doa moja la chai.

Nikakimbia nikatoa turubai moja, lile la upande wa mtoni, nikafunika nguo. Nikajiambia ni mvua ya kupita. Haikupita, Kitavi. Ilinyesha kama dakika ishirini, mimi nimeshikilia turubai juu ya suruali za watu, naona pichi ya baba yako inakunywa maji. Ilipoisha nikarudisha turubai, nikapanga mawe yako vile nilivyoyakuta. Kwa juu ilionekana haijaguswa. Nilivua pichi nguo nikavalisha nguo nguo.

Basi aliyefunika mwisho ni mimi.

Asubuhi mpira ulitua pale palipolowa ukaruka, ukampiga mdomoni kijana aliyekuwa kwa zamu ya kupiga, marefa wakasimamisha mechi, na baba yako akakuita. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa dobi na besheni. Ulisema, "Baba, nilifunika." Ukaniangalia. Ukaniangalia kabisa, kama unajua mama yako atasema kitu. Nikaangalia besheni.

Nilisema nitamwambia jioni. Jioni ulikuwa umeenda na begi. Nikasema nitamwambia Jumapili. Halafu wanachama wakamtoa baba yako kwa pichi, wakampa kazi ya kufyeka ua, akawa hasemi na mtu. Nikaogopa. Kitu ukikikalia siku moja kinakuwa kiti. Ukikikalia miaka tisa kinakuwa nyumba.

Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu kofi lilikuwa langu na wewe ndiye ulilipokea. Baba yako nitamwambia kesho, Mungu akinipa mdomo. Chukua hiyo kazi ya turubai. Usikatae kwa sababu yangu.

Siombi unijibu vizuri. Naomba tu unijibu.

Mukonyo


Uthiru,
30 Aprili

Kitavi,

Natumai u mzima. Sijaona barua. Nilienda saiba Jumatatu na Alhamisi. Jacklyne anasema picha ilifika, kuna zile alama mbili za buluu. Amesema, "Mama Kitavi, amesoma." Basi.

Baba yako anakula kidogo. Anauliza, "Kijana ameandika?" Namwambia posta ya huko imegoma. Anajua hakuna posta kwa simu.

Sijamwambia bado. Ile kesho niliyokuandikia haijafika.

Mama


Uthiru,
10 Mei

Mwanangu,

Salamu ziko palepale, nyingi, hata kama hutaki kuzipokea leo.

Nimemwambia. Ilikuwa Alhamisi, tumetoka Hurlingham, nimemkalisha kwa kiti pale mlangoni apate jua. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia yote, mvua, nguo, mawe. Aliangalia barabara ya Waiyaki magari yanapita. Nikamwambia, "Baba Kitavi, nipige basi, mkono wa kushoto ni mzima."

Akasema, "Lete mkebe."

Ule mkebe wake wa kazini, wa rangi ya zamani, anaoweka uzi wa kupimia na misumari. Nikaleta. Akasema, "Chini kabisa." Nikatoa vitu vyote. Chini kabisa, ndani ya karatasi ya gazeti, kulikuwa na pegi ya nguo. Ya mbao. Ina uzi mwekundu.

Unakumbuka zile pegi zangu nilikuwa nazifunga uzi mwekundu ili wale wa jikoni wasiniibie? Siku hiyo zilikuwa zimebanwa kwa aproni yangu. Moja ilianguka pale. Kitavi, baba yako aliiokota asubuhi ile, alipoenda kubonyeza kidole, kabla jua halijatoka vizuri. Ilikuwa kwa pichi, imelowa, upande wa mtoni.

Alijua. Alijua kabla hajakuita. Nikamwuliza, "Sasa ulimpigia nini mtoto?" Nimeandika vile alisema, moja moja. "Wangetafuta. Wangekuona. Tungefukuzwa wawili, jioni hiyo. Kijana ana mikono. Angepata pengine." Halafu akasema, "Nilifikiri nitamwambia Jumapili."

Jumapili. Yeye pia.

Kwa hivyo miaka tisa tumelala kitanda kimoja, kila mmoja amenyamaza neno lile lile. Mimi nilidhani akigeukia ukuta ni hasira juu yako. Kumbe alikuwa anajificha kila likitajwa jina lako. Sikumkumbatia, Kitavi. Nilikasirika. Nilimwacha hapo kwa kiti mpaka jua likatoka kwa magoti yake. Nilijikasirikia mimi pia. Halafu nikamwingiza ndani, kwa sababu nani mwingine atamwingiza.

Lile swali lako nimemuuliza. Sikuruka. Amesema, "Alifunika. Nilijua alifunika. Mwambie." Halafu akaongeza kitu cha kazi, unajua alivyo. Upepo ukitoka upande wa mvua, mvute mkianzia huko huko unakotoka, msiukimbize, ndipo turubai haliwezi kupepea. Na mawe yahesabu kwa sauti.

Pegi nimeitia kwa bahasha. Jana nimeenda nayo posta kubwa pale mjini, nimepanga foleni tangu saa tatu. Msichana wa dirishani akauliza, "Ndani kuna nini?" Nikasema pegi. "Moja?" Moja. Akaniangalia kama mgonjwa, akapiga muhuri.

Ikikufikia uitupe ama uiweke. Ni yako.

Mama yako


16 Juni

Baba,

Hii barua ni yako. Mama atakusomea. Mama, usiruke mahali popote, hata pale patakapouma.

Habari za mkono? Nasikia wa kushoto unabonyeza ugali. Bahasha ilifika siku ya mwisho ya Mei, asubuhi. Alasiri nilienda kwa mkubwa nikamwambia nitafunika.

Kesho ndiyo siku. Nikupe hali ilivyo. Udongo umekauka vizuri chini, juu nimeacha nyasi fupi sana, rangi ya majani makavu. Nimebonyeza leo asubuhi kabla ya kula. Kidole kiliingia kidogo tu, kama kwa mkate wa jana. Nyufa bado ni nyembamba, lakini ziko, tatu, upande ambao yule wa polepole wa Australia atalenga siku ya nne. Uingereza wanasema hawamwogopi, na tangu Jumatatu wamefanya mazoezi ya kumkabili yeye tu. Nahodha wao alikuja, akapiga magoti, akaniuliza, "Ungekuwa wewe?" Nikamwambia, "Baba yangu anasema upige kwanza." Akacheka. Nadhani atapiga kwanza.

Baba, uliniuza. Nimeandika hivyo mara saba na kufuta, lakini ndivyo ilivyo. Uliniuza kwa sababu nilikuwa na mikono. Ni kweli nilikuwa nayo, na nilipata pengine, na hiyo haipunguzi kitu. Mama, na wewe uliangalia besheni. Siwezi kusema yameisha. Lakini wewe Baba ndiye ulisema hii ni mechi ya siku tano. Leo nimeandika. Hiyo iwe siku ya kwanza.

Mvua ilianza saa nane mchana ikanyesha mpaka jioni, nzito, na upepo. Tulivuta tukianzia unakotoka. Turubai halikupepea. Mawe hapa si mawe, ni mifuko ya mchanga, na ni mingi, lakini niliihesabu kwa sauti, na wenzangu wakacheka, nikaendelea kuhesabu. Pegi iko mfukoni.

Kwenu itakuwa saa saba mchana. Washeni redio.

Kitavi


Uthiru,
17 Juni

Mwanangu Kitavi,

Salamu zetu zote mbili. Nimesoma yote, sikuruka. Pale pa besheni nilisimama kidogo, baba yako akaniambia, "Endelea." Pale pake nilisoma, akasema, "Rudia." Nikarudia. Hakugeukia ukuta.

Jacklyne alifunga saiba akaja na simu yake, akatuwekea mchezo. Mimi Kizungu chao hakinishiki, kwa hivyo nilikuwa naangalia uso wa baba yako. Aliinua mkono tunyamaze. Jacklyne akasema, "Wanasema imenyesha huko jana tangu mchana mpaka jioni, na wanashangaa, pichi ni kavu kabisa."

Baba yako akafunga macho.

"Amefunika," akasema.

Mama yako,
Mukonyo